Mwekeni Chini, Wanangu

Wanangu, ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Kabla ya kujibu nimekunywa chai kwanza, maana swali hili waliniuliza mama zenu, wakaniuliza dada zenu, na sasa mmefika nyinyi. Mtoto ana miezi tisa, anakaa kitako vizuri, anacheka, anashika kila kilicho mbele yake, lakini hatambai. Mama mkwe anataka afukiwe miguu mchangani kila asubuhi ili ikaze. Rafiki yenu aliyesoma mambo kwenye simu anasema msimguse kabisa, hata kumkalisha ni kumdhulumu. Na wewe mkwe wangu, kwa mapenzi yako, umekwenda kumnunulia kigari cha kutembelea, hiyo woka, yenye muziki na taa. Watu watatu wenye nia njema wamemzunguka mtoto mmoja. Mimi shangazi yenu nimestaafu kazi ya kliniki ya mama na mtoto, na miguu yangu yenyewe inaniuma siku hizi, lakini nitalisema tena, polepole. Nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mlisambaze kwenye kundi la familia.

Tuanze na huo mwezi wa tisa unaowanyima usingizi. Methali ya haraka mnaijua, sitawachosha nayo. Nitawapa hesabu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima, wasio na maradhi, katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, huko ambako nusu ya ukoo wetu ina binamu. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Watoto hao walianza kukaa bila kuegemezwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza kati ya miezi 5.2 na 13.5. Kutembea wenyewe, bila kushikwa na mtu, kuliwajia kati ya miezi 8.2 na 17.6. Hebu litazameni pengo hilo. Mmoja anatembea hata mwaka hajatimiza, mwenzake anakuja kutembea miezi tisa baadaye, na wote wawili wamenyonya vizuri, wamekua vizuri, hawana lolote. Tena wanne hivi katika kila mia hawakuonekana wakitambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Wapo watoto wanaosota kwa makalio mpaka nguo ya ndani inatoboka, wapo wanaojiburuta kwa tumbo, wapo wanaoshika kiti wakasimama dede na kutoka hapo wakaondoka. Wamarekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, mwaka 2022 walikuondoa kutambaa kwenye orodha ya mambo ya kumwangalia mtoto.

Kwa hiyo mjukuu wangu hajachelewa. Amebakiwa na miezi minne na zaidi kabla mtu hajawa na haki hata ya kuuliza.

Najua mtasema, lakini wa jirani ana miezi minane na anazunguka nyumba nzima. Mwacheni azunguke. Nimewaning'iniza watoto wa mtaa mzima kwenye mzani wa kliniki, nikawaona wakienda shule, nikawaona wakirudi kwangu na watoto wao mgongoni. Mtazameni kijana yeyote anayecheza mpira pale uwanjani mniambie kama alitembea na miezi kumi au kumi na sita. Hamwezi. Kule Zurich, Uswisi, wataalamu waliwafuata watoto 222 wazima tangu uchanga mpaka walipofika miaka 18, na umri waliokaa au kutembea ulitabiri kidogo sana juu ya akili zao na wepesi wa viungo vyao baadaye. Sifa ya kuwahi ni ya mama yake kibarazani. Mtoto mwenyewe haimfikii.

Sasa mama mkwe. Mwanangu, usimcheke, wala usimjibu kwa yale uliyoyasoma. Wazee wetu walikuwa na elimu yao. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, alikaa na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, nyanda za juu za Kenya. Akina mama wale waliwafundisha watoto wao kukaa. Walimchimbia mtoto kishimo kidogo, wakamzungushia nguo, naye akakaa humo akitazama dunia. Walimshika mikono wakamfundisha kutembea. Wakampata mtoto anayekaa na kutembea mwezi mmoja hivi kabla ya wenzake wa Marekani. Lakini kwenye kutambaa hawakuwa mbele, kwa sababu kutambaa hakuna aliyekufundisha pale. Jambo hili lilikuwa na uzito wake, maana miaka ya 1950 Marcelle Geber, Mfaransa, aliwapima watoto wachanga kule Kampala na kusema wametangulia wenzao wa Ulaya, na watu wakaanza kuzungumza kana kwamba ni mambo ya damu. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa mama: namna anavyombeba, anavyomkalisha, anavyomsimamisha juu ya mapaja yake.

Basi mama mkwe ana hoja. Ukimfundisha mtoto jambo la mwili wakati mwili unalikaribia, linawahi kidogo. Lakini ulizeni pia waliwahisha kwa ajili gani. Mama anakwenda shamba, ana jembe, ana maji ya kuteka. Mtoto anayejua kukaa anaweza kuachwa kivulini na dada yake wa miaka saba. Kwa Baganda, kama walivyoeleza Philip na Janet Kilbride, kukaa kulithaminiwa kwa sababu mtoto aliyekaa anaonana na watu, anatabasamiwa, anaingia katika jamii. Kila kuwahisha kulikuwa na kazi. Nyinyi mnakaa ghorofa ya pili, shamba hamna, na mchanga wenyewe mtaununua kwa lori. Huo mwezi mmoja mkiupata mtaufanyia nini?

Na kumfukia miguu, hilo sikubaliani nalo hata akiwa na shamba. Kishimo cha Kokwet kilimshika mtoto kiunoni ili mikono na shingo vifanye kazi. Mtoto aliyefukiwa miguu hafanyi kazi yoyote, amefungwa tu, na mchanga wa uani kwetu una minyoo na vinyesi vya paka. Mwambieni mama mkwe kwa adabu, na mpeni kazi nyingine. Mpeni ya kumkanda mtoto mafuta ya nazi baada ya kuoga, amnyooshe miguu na mikono huku anamwimbia. Hiyo anaijua kuliko mimi na nyinyi, na mtoto ataipenda.

Rafiki yenu wa kwenye simu naye sitamdharau, ingawa amenichosha zaidi, kwa sababu amechukua nusu ya maneno ya mtu mwenye busara. Maneno hayo asili yake ni Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria. Mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha na mayatima wamejaa, alianzisha nyumba ya kulelea watoto Budapest, katika mtaa wa Lóczy. Kanuni yake moja ilikuwa hii: usimweke mtoto katika mkao ambao hajaufikia mwenyewe. Kama hajajua kukaa, usimkalishe kwa mito. Kama hajasimama, usimsimamishe. Mlaze chali sakafuni, mvalishe nguo isiyombana, mpe nafasi na vitu vya kushika, naye atajigeuza, atajiburuta, atapiga magoti, atakaa, atasimama, kila hatua akiwa ameijenga mwenyewe. Na kweli, mtoto anayekaa kwa nguvu zake ukimtazama mgongo unaujua. Umenyooka. Yule aliyezungushiwa mito ameinama mbele kama bibi anayechambua mchele, na akianguka hana habari ya kurudi.

Hilo nalikubali. Ninachokikataa ni kusikia neno "msimguse" halafu mtu akaondoka. Nyumba ya Pikler ilikuwa na walezi waliofunzwa, waliomwogesha kila mtoto kwa utulivu, wakazungumza naye, wakamsubiri anyooshe mkono mwenyewe kwenye shati. Mtoto pale aliachwa huru, hakuachwa peke yake. Ukitaka kuona kuachwa peke yake, mwaka 1960 Wayne Dennis, Mmarekani, alichapisha aliyoyaona katika nyumba za mayatima kule Tehran, Uajemi. Watoto walilazwa chali vitandani mchana kutwa, walezi wachache, hakuna wa kuwapakata wala kuwakalisha. Wengi walipita mwaka bila kukaa, na wapo waliofika mwaka wa tatu hawatembei. Watoto wale hawakuzaliwa na ugonjwa. Walikosa mtu.

Kwa hiyo mtakapoulizwa, je, mzazi aingilie au asiingilie, jibuni: aingilie sakafu. Mguu wa mtoto auache.

Mkwe wangu, hili ni lako. Mtoto akiwa na wiki moja ulinitumia video. Umemshika kwapani, nyayo zinagusa godoro, naye anapiga hatua, moja, mbili. Ukaniandikia, "Shangazi, huyu mwanariadha." Sikutaka kukukatisha tamaa wakati ule. Karibu kila mchanga mzima hufanya hivyo, na akifika miezi miwili hivi anaacha. Zamani waliamini ubongo ndio unaozifuta hatua hizo. Miaka ya 1980 Esther Thelen, wa Marekani, akawachukua watoto waliokwisha kuziacha, akawashika wima ndani ya maji yanayowafika kifuani, na miguu ikaanza kupiga hatua upya. Hazikufutwa. Mapaja yalinenepa haraka kuliko misuli, mguu ukawa mzito kuinuliwa, na maji yakaubeba. Kabla yake, mwaka 1972, Philip Zelazo alionyesha kwamba watoto waliozoezwa hatua hizo dakika 12 kila siku tangu wiki ya pili mpaka ya nane walitembea mapema kwa mwezi na zaidi. Mimi dakika hizo 12 ningelala.

Nimekueleza hayo kwa sababu ya kigari. Wewe unadhani mtoto hatembei kwa kuwa miguu haijui kutembea, basi ukimtundika miguu itajifunza. Miguu inajua tangu wiki ya kwanza. Anachokikosa ni nguvu ya kuubeba mwili wake na akili ya kuusawazisha usianguke, na hivyo viwili ndivyo kigari kinavyomnyang'anya. Kiti kinambeba yeye, pete inamzuia asiyumbe. Anasukuma kwa ncha za vidole, hajui uzito wake uko wapi. Ile meza ya mbele yenye vitufe vya muziki inamficha miguu yake, hata hajioni anakanyaga nini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwalinganisha watoto wa vigari na wasio na vigari: wa vigari walichelewa kukaa, walichelewa kutambaa, walichelewa kutembea. Umelipa pesa umcheleweshe.

Na kuchelewa ndiyo hasara ndogo. Kanada wamevipiga marufuku tangu mwaka 2004, kuviingiza, kuviuza, kuvitangaza, hata vile vya mtumba. Marekani hawajafika huko ingawa madaktari wao wa watoto wanadai marufuku. Kati ya mwaka 1990 na 2014 watoto zaidi ya 230,000 walifikishwa vyumba vya dharura kwa ajili ya vigari hivyo, wengi wameporomoka ngazi wakaumia kichwa. Mtoto ndani ya kigari anakwenda karibu mita moja kwa sekunde. Hesabu hatua zako kutoka jikoni mpaka sebuleni, kisha ujiulize utamwahi vipi. Utasema nyumba haina ngazi ndani. Ina jiko la mkaa kwenye roshani. Ina chupa ya chai juu ya meza, na kitambaa cha meza kinaning'inia. Ina waya wa birika la umeme. Ina ndoo ya maji bafuni na mlango usiofungwa. Na siku mtakapokwenda kijijini kuna kibaraza kisicho na ukingo. Mtoto anayetambaa anakifikia kitu taratibu, kwa chini, unamwona. Wa kwenye kigari anakifikia amesimama, mikono juu, kwa kasi. Nimemwosha mtoto aliyemwagikiwa uji katika hali hiyo, ngozi inatoka na maji. Sitaeleza zaidi.

Msiniambie mlimnunulia ili asianguke. Anatakiwa aanguke. Karen Adolph na wenzake wa New York waliwatazama watoto wanaojifunza kutembea wakicheza kawaida tu, wakahesabu. Kwa saa moja mtoto alipiga hatua 2,368 kwa wastani, na akaanguka mara 17. Mara kumi na saba, kila saa, na anainuka. Akianguka chini kwa makalio kutoka urefu wake mwenyewe, juu ya mkeka, haumii. Analia kwa sababu nyinyi mmepiga ukelele. Ondoeni meza ya kioo yenye pembe, mwacheni peku, na vile viatu vinavyopiga filimbi mviweke kwa ajili ya picha za sikukuu. Nyayo zinataka kuhisi sakafu.

Sakafu yenyewe ndiyo kazi yenu. Tandikeni mkeka au jamvi, kanga juu yake, siyo godoro laini linalommeza. Tangu uchanga mtoto alale usingizi chali, hilo halina mjadala. Wamarekani walipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua sana. Ila macho yakiwa wazi, mgeuzeni kifudifudi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipande vipande, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kujiendea. Wengi wanalia wakilazwa hivyo, na mama wa siku hizi akisikia kilio kidogo anamwinua. Lala chini na wewe, uso kwa uso naye. Anainua shingo kukutazama, hapo ndipo shingo inapokaza. Anasukuma kwa viganja, hapo ndipo mabega yanapopata nguvu. Kitu anachokipenda kiwekeni mbali kidogo na mkono wake. Kidogo, nimesema. Msimfanyie kejeli.

Mbeleko sina ugomvi nayo. Mtoto aliye mgongoni kwa mama anayefagia na kuchota maji hakai bure, anashika, anainuka na kuinama naye. Lakini mbeleko ya mchana kutwa, na vile viti vya plastiki vinavyombana mapaja, na kile kigari cha kusukuma, na kiti cha gari, vyote kwa pamoja vinamaliza siku ya mtoto. Shirika hilohilo limesema asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja mfululizo, na kubebwa mgongoni wamekuhesabu. Kuhusu dada wa kazi, mfundisheni hivi vyote kwa upole. Yeye ndiye anayeshinda naye. Mkimgombeza kila mtoto akichafuka, atambeba asubuhi mpaka jioni ili nguo ibaki safi, nami sitamlaumu.

Sasa niwape lile lililonifanya nikubali kuandika yote haya usiku, maana haya mengine mngeyasikia popote. Kuna watoto ambao kuwasubiri ni kuwaangamiza. Na kinachowafanya wasubiriwe mara nyingi ni aibu.

Mtoto akikawia kutembea, pwani yetu hii wapo watakaonong'ona kwamba amebemendwa. Kwamba wazazi walikutana kimwili akiwa bado ananyonya, au baba alitoka nje, ndiyo maana mtoto amelegea miguu. Miiko ile ilikuwa na kazi yake zamani, iliwafanya watu wapishanishe uzazi, na kwa hilo naiheshimu. Lakini ikigeuzwa kuwa jina la ugonjwa inaua. Mama anayesikia hivyo hamleti mtoto kliniki, maana kumleta ni kukiri. Anamfunga hirizi kiunoni, anamwogesha dawa za miti, anamficha chumba cha nyuma wageni wakija. Wifi wanahesabu vidole. Baba, ambaye naye ameshutumiwa, anahama kitanda. Nimewapokea wanawake wa namna hiyo, mtoto ana miaka mitatu, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi, na mama anaanza kwa kuniapia kwamba hakufanya kitu. Dada yangu, nilikuwa nawaambia, wewe ulifanya tendo la ndoa. Mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Au alipata manjano kali wiki ya kwanza akaachwa nyumbani aanikwe jua. Au alipata homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hayo ndiyo yaliyougusa ubongo, na kama ungekuja na miezi sita tungekuwa tumeanza mbali.

Basi hizi hapa ndizo dalili za kuwatoa nyumbani mbio, na yeyote atakayewaambia msubiri, hata nikiwa mimi, msimsikilize. Miezi minne imepita na shingo bado haijakaza. Mwili umelegea ukimwinua anateleza mikononi, au kinyume chake amekakamaa, miguu inapishana, ngumi hazifunguki. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufika mwaka, wa pili kauacha. Miezi tisa imepita hakai. Mwaka na nusu umetimia hatembei. Na kubwa kuliko yote, alikuwa anaweza jambo akaliacha: alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Aliyezaliwa njiti mhesabuni tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, msimwonee. Na nyayo zikiwa zimepinda ndani tangu kuzaliwa, huo ni mguu kifundo, msingoje hata arubaini. Zinanyooshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta ya jasi inayobadilishwa kila wiki, kwa njia aliyoianzisha Ignacio Ponseti kule Iowa, na baadaye mtoto anavaa viatu maalumu usiku kwa miaka. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanaifanya. Mtoto anatembea, anakimbia. Asiyetibiwa anakanyagia ubavu wa mguu maisha yake yote.

Kwa watoto hao ingilieni kwa mikono miwili. Mtaalamu wa tiba ya viungo atawafundisha namna ya kumbeba, namna ya kumlaza, kiti gani kimshike, mazoezi gani kila siku, na hapo hakuna cha kumwacha aamue mwenyewe. Huyo mama nitamwambia hata mchanga achimbe, kama mtaalamu amesema. Nguvu zenu za wasiwasi, ambazo naona mnazo nyingi, zilikuwa zimeumbwa kwa ajili ya hapo. Msizimalize kwa mtoto mzima anayekaa kitako anakula embe.

Mkifika tarehe ya kliniki nendeni wote wawili, baba pia aingie ndani, asibaki kwenye gari na simu. Muulizeni muuguzi aitazame kadi na amtazame mtoto anavyocheza, siyo uzito peke yake. Wauguzi wana foleni, wasipoulizwa hawasemi.

Na mama mkwe akitaka kumfundisha kutembea jioni, mwacheni. Amshike mikono yote miwili, amwimbie, ampeleke hatua mbili tatu mkekani. Hakuna ubaya. Ile furaha ni haki yake na ya mtoto. Ila mtoto akikunja magoti amesema hapana, amkalishe wacheze kingine.

Kigari dukani hawatakirudisha, nawajua. Msimpe jirani, naye ana mtoto. Mkwe wangu, kitoe magurudumu, kivunje, betri ya muziki itie kwenye rimoti.